Funguo Kumi na Tisa

Umeniuliza, Changawa, kwa ujumbe wa saa nne usiku,
kama udalali wa nyumba hapa Malindi ungali na mkate.
Sikujibu. Si dharau. Bando lilikuwa limekwisha,
nami nilikuwa nahesabu funguo.

Kumi na tisa, kwenye waya nilioupinda mwenyewe,
kila mmoja na kipande cha plasta chenye jina:
Villa Ornella. Kwa Daktari. Bwawa Bovu.
Mayungu ya Pili. Ile ya Kesi.
Hakuna hata mmoja unaofungua mlango ninamolala;
kwangu, Barani, tunafunga kwa komeo na kamba.

Nianze na neema, usije ukasema nakutisha.
Mimi niliuza nyumba nikiwa na ndara miguuni.
Mtu alishuka kwenye ndege asubuhi, adhuhuri kanywa kahawa,
alasiri anasema bello, bello,
anatia sahihi juu ya boneti ya gari.
Asilimia tatu. Nyumba moja nilimwolea mama Riziki,
nyingine nikaezekea bati,
ya tatu niliila, sijui niliila vipi, ilikuwa tamu tu.
Tulijua Kitaliano sote
kabla hatujajua kuweka akiba.

Sasa bango la INAUZWA limepauka, limebaki INA.
Ina nini? Wapita njia hujijazia.
Ina popo.
Ina deni la maji.
Ina warithi wanne huko Bergamo wasiosemezana.

Bibi Ornella ana miaka themanini na mmoja.
Kila Jumapili huniandikia neno moja: Venduta?
Imeuzwa?
Nami: Bado, mama. Ni bei.
Naye: Mume wangu alivichagua vigae vile kwa mkono wake.
Mkono wa marehemu hauingii kwenye bei, Changawa,
na hakuna chuo kitakachokufundisha
namna ya kumwambia mjane hivyo.

Kazi yenyewe? Siku hizi siuzi. Nafungua madirisha.
Jumanne na Ijumaa, kabla jua halijawa kali,
nasukuma mbao zilizovimba kwa chumvi,
namwaga maji vyooni, naacha upepo upite,
kwani nyumba isiyofunguliwa huharibika kama yai viza:
nje nyeupe, usiiguse.
Ngumbao wa bustani hajalipwa tangu mvua za mwaka juzi,
na bado anamwagilia. Nikamwuliza, kwa nini?
Akasema, maua hayajui.

Wenzangu, ukitaka habari zao:
Charo anauza simu za mtumba.
Mbwarali kahamia Mtwapa, anaonyesha fleti za kwenye karatasi,
ghorofa ya saba ya shimo.
Fikirini hapatikani hewani. Tumeacha kumpigia.

Mimi nimejifunza vidogo.
Juzi nilimpatia nesi chumba kule Maweni,
choo ndani, tokeni za stima ajinunulie.
Alifungua bomba, maji yakatoka. Akafunga.
Akafungua tena.
Hakusema neno; akanihesabia elfu moja na mia mbili.
Hiyo ndiyo kubwa ya mwezi.

Basi jibu langu, nalo si jibu:
mkate haupo. Yapo makombo, na makombo yana sisimizi.
Soko litapanda, wanasema. Walisema Riziki akiwa hana meno;
leo Riziki anaazima wembe wangu.
Lakini kama moyo ungali unakusukuma, usije na suti.
Njoo Jumanne, saa kumi na mbili na nusu,
pale kwa muuza mahamri, na chupa ya mafuta ya bawaba.
Nitakupa Bwawa Bovu uanzie. Vyura usiwafukuze,
ndio wapangaji pekee nilionao.
Dirisha la jikoni hukwama:
linyanyue kwanza,
ndipo usukume.